Neno la Siri Ukutani

Aibu hii nimeikalia kimya msimu mzima, leo naisema mwenyewe kabla hamjaletewa ikiwa imetiwa chumvi. Mimi niliyeishia darasa la nne, nikasukuma baiskeli za ndizi mpaka nikawa na ghala langu hapa Tukuyu (na Fuso mbili, nisijisifu sana), nilitaka wakulima wa parachichi wa Masukulu wanipe kazi ya kupima mavuno yao na kutunza kumbukumbu, na mke wa mwanangu Aidani akanitengenezea programu ya kompyuta, ile ya kioo cheusi na maandishi meupe.

Nikaijaribu, ikaniomba neno la siri, nikabonyeza, haionekani herufi wala nyota, nikabonyeza kwa nguvu, wapi. Sasa kwa mila zetu mkwe hakai chumba kimoja na baba mkwe, yeye alikuwa jikoni na Aidani ndiye mpeleka maneno, akarudi akisema zimefichwa makusudi, asije mtu akasomea begani. Nikamwambia mimi si mwizi hata nijifiche macho yangu mwenyewe, nataka kuona ninachoandika. Mkwe atabishana na baba mkwe kupitia ukuta? Akabadilisha.

Siku ya mkutano nikaenda na projekta ya kukodi, ukumbi umejaa, nikawaahidi kwamba kwangu siri zao zimefika kaburini, nikaanza kuandika neno la siri kwa kidole kimoja (sina haraka, mimi). Mwenyekiti wao, mzee aliyenisumbua wiki nzima kwa maswali, akavaa miwani akasoma ukutani, taratibu.

"Mwenyekiti mchoyo moja." Akanigeukia. "Hiyo moja ni ya nini, mwanangu?"

Nikasema ukweli, kwamba programu inakataa neno lisilo na namba.

Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Siri yake mwenyewe imemshinda, zetu ataziweka wapi?"

Mikono ikanyooshwa kwa mpinzani wangu wa Mpuguso, mtu wa daftari na kalamu ya risasi.

Nilipofika nyumbani nikamtuma Aidani kwa mkewe, herufi zifichwe tena. Akarudi anaangalia chini.

"Anasema ile ya kwanza hakuifuta, Baba. Alijua utaiulizia."

Sasa naandika bila kuona kitu, na wala sinung'uniki. Msimu ujao narudi Masukulu, na kazi nitaipata, ila nikiambiwa jambo kutoka jikoni, kwanza nitauliza sababu.