Hatukumpata kwa Simu

Kwa miaka kumi na mmoja Wachuka alisoma habari katika kituo kidogo cha redio mjini Nyeri. Alikuwa binti wa mkulima wa chai, hakuwahi kupokea bahasha ya mwanasiasa yeyote, na hilo alijivunia sana.

Asubuhi moja ya Machi, mwanasiasa mmoja aliyekuwa akitafuta kura alimtumia picha ya barua. Ilidai kwamba mabomba ya mradi wa maji huko Tetu yameuzwa, na aliyetia sahihi kuidhinisha mauzo ni Beth Gathoni, katibu wa kamati ya mradi. Nambari ya simu ya Beth ilikuwa hapohapo chini. Wachuka aliiona. Lakini taarifa ya saa moja ilikuwa imekaribia, na alihofia kituo kingine kingemtangulia.

Akaisoma hewani, jina na kijiji, kisha akamalizia kwa maneno ambayo watangazaji huyasema bila kufikiri: "Tulijaribu kumpata Bi. Gathoni kwa simu bila kufaulu."

Hakuwa amebonyeza hata tarakimu moja.

Wiki mbili baadaye ikajulikana kwamba mabomba yalikuwa ghalani yakisubiri mafundi, na sahihi ile ilikuwa imeghushiwa. Mutahi, meneja wa kituo, akamwandikia Wachuka sentensi mbili za marekebisho.

"Soma baada ya bei ya kahawa," alisema, "tumalize hiyo maneno."

Wachuka hakuzisoma siku hiyo. Alikwenda Tetu, akamkuta Beth, mama wa miaka hamsini na kitu, amevaa viatu vya gambuti, akikatia ng'ombe majani.

"Mama, mimi ni Wachuka, wa redio..."

"Nakujua." Beth hakuacha kukata. "Hiyo asubuhi nilikuwa nakamua. Ukasema ati mmejaribu kunipigia. Simu ilikuwa kwa mfuko ya aproni. Nikafikiri imeharibika. Nikaambia jirani anipigie. Ikalia."

Uso ulimwaka Wachuka.

"Kanisani wamenitoa kwa kamati ya akina mama, ati mpaka mambo itulie. Na mzee wangu, hata yeye aliniuliza kama ni ukweli. Mara moja tu. Hiyo ndiyo inaniuma."

"Nisamehe, Mama."

"Ulisema mbele ya watu wote. Usikuje kuniomba msamaha hapa kwa ng'ombe, tukiwa wawili."

Kesho yake Wachuka aliweka kando karatasi ya Mutahi. Akawaambia wasikilizaji kwamba barua ilikuwa ya uongo, na kwamba uongo wa pili ulikuwa wake mwenyewe: hakumpigia Beth. Mutahi alisimama nyuma ya kioo akimwashiria anyamaze. Yeye akaendelea hadi mwisho.

Aliondolewa kwenye habari, akapewa matangazo ya vifo. Wasikilizaji wengine walipiga simu kusema amehongwa na Beth. Mwezi wa Juni Beth alirudishwa kwenye kamati ya kanisa, ingawa wanawake wawili hawakuketi naye tena. Wachuka aliyasikia hayo kwa watu tu. Hakuthubutu kurudi Tetu.

Baadaye chuo kimoja kilimwalika akazungumze na wanafunzi wa uanahabari kuhusu ujasiri wa kusema kweli. Aliusoma mwaliko mara mbili, aibu ikampanda upya, akajibu kwamba hataweza kufika.