Kufuli kwa Nje

Jana ilinyesha hapa mtaani Batha. Wenzangu wakatoka dukani kupiga video, wanacheka, maana mvua Riyadh ni sherehe. Mimi nilibaki ndani nikapanga upya rafu zilizokwisha kupangwa. Mvua siipendi, msomaji wangu, wala sioni haya kusema.

Nililelewa Karantina, kusini mwa Jeddah, chumba kimoja cha chini, mimi, mama na bibi. Mama alifanya kazi za ndani mtaa wa matajiri, Al-Rawdah. Hatukuwa na ikama, kibali cha kuishi, hata mmoja, basi kila asubuhi alitufungia kufuli kwa nje, askari wakipita wadhani chumba hakina watu. Nusu ya vyumba vya uchochoro wetu vilifungwa hivyo. "Mlango ukigongwa, sisi hatupo," bibi alinifundisha hata kabla ya Alhamdu.

Usinionee huruma lakini. Palikuwa na mbaazi za nazi ya kopo na harufu ya hiliki, na jioni milango ikifunguliwa, jirani wa chumba cha pili, Mngazija, aliniletea visheti. Alinisuka nywele huku akinitania kwamba kichwa changu ni kigumu kuliko nazi. Mumewe alikuwa kuli, naye alimfungia vilevile.

Siku moja, mama akiwa kazini, adhuhuri iligeuka giza. Mvua ilipiga mabati hata hatukusikizana, kisha maji yakapenya chini ya mlango, meusi, yananuka mafuta na choo. Bibi alinipandisha juu ya friji. Yalipomfika kiunoni aliutazama mlango, akasema, "Piga kelele, mjukuu wangu. Leo tupo."

Sikuweza. Nilikuwa nimefundishika mno kunyamaza. Alipiga yeye, akigonga mlango kwa sufuria mpaka vijana wa uchochoroni wakavunja kufuli kwa nondo na kutupandisha juu ya paa.

Kutoka huko tuliitazama dhoruba ikienda zake. Jua likatoka, mitungi ya gesi na magodoro yakielea barabarani. Bibi akauliza jirani yuko wapi. Kijana mmoja akajibu kuwa waligonga kwake, hakuitika mtu, na kufuli liko nje, wakajua hayumo.

"Yumo," bibi alisema.

Walishuka mbio. Walikuwa wamechelewa.

Mtaa ule umevunjwa. Niliporudi Saudia ukubwani kwa viza ya kazi nilikuta kifusi na uzio, na sikumpata mtu wa kumuuliza hata jirani alizikwa wapi. Watu husema bora mtaa umeondoka, ulikuwa uchafu mtupu. Huenda. Mimi naumia kwamba ukuta kati yetu na jirani ulikuwa mwembamba, akikohoa tulimsikia. Alimsikia bibi akipiga kelele, akawasikia vijana wakigonga mlangoni kwake, na akanyamaza.