Taa Nilizozifungia Kabatini

Mwanangu, jioni moja bado naikumbuka kama ya jana, ile ya kuamkia sendofu, sherehe ya kumuaga dada yangu Kabula kabla ya harusi, na nikikusimulia utanicheka. Cheka tu, nimeshazoea.

Nilikuwa msichana bado, nyumba yetu iko Mkolani katikati ya mawe makubwa. Nilimwahidi dada kwamba siku ya kumuaga, uani nitapamba mimi, kwa taa za kutengeneza mwenyewe. Baba aliposikia akaacha kabisa mpango wa kukodi taa. Unaona mzigo niliojitwisha!

Lakini furaha niliyokuwa nayo, we acha! Nilinunua taa ndogo za sola pale Mkuyuni, nikazifungua, nikazibandika kwenye vifuniko vya chupa za jemu. Chupa nikazipaka rangi za kucha: nyekundu, kijani, zambarau. Nilipoziba paneli kwa kiganja, taa ikadhani giza limeingia, ikawaka. Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Nikatengeneza thelathini.

Sasa sikia ujinga wangu. Kwetu kitu kizuri kinawekwa kabatini kusubiri wageni. Vile vikombe vya maua vya mama, sikuwahi kuvinywea chai hata siku moja. Basi na mimi nikazifunga taa zangu kwa khanga, nikazifungia kabatini wiki tatu.

Jioni hiyo bibi yetu akasema, "Hebu zilete tuzione." Nikazitoa kwa mbwembwe, nikazipanga uani, jua likazama. Hakuna hata moja iliyowaka. Dada alikaa kwenye ngazi, machozi yanamlengalenga.

"Ulikuwa umeziweka wapi?" bibi akauliza.

"Kabatini, bibi."

"Taa ya jua, mjukuu wangu, unaifungia gizani? Si zimekesha humo zinawamulikia mende mpaka zikaishiwa nguvu! Umezitunza hadi umeziua njaa."

Niliona aibu, jamani. Lakini kesho yake jua linachomoza, nyumba nzima tuko juu ya jiwe tunapanga chupa. Bibi alishinda pale na kijiti chake akifukuza kuku, na alasiri tukazishusha uani. Saa moja jioni, wakwe ndio kwanza wanaingia getini, ikawaka moja, ya zambarau. Ikafuata ya pili. Mara uani kote! Vigelegele vilivyopigwa! Dada alinikumbatia mpaka gauni lake likakunjamana.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu najua una daftari la michoro unalolificha chini ya godoro, unasubiri siku uwe hodari ndipo watu waone. Litoe leo. Waache waisifu michoro yako, waikosoe, hata waicheke, maana mkono wako unashiba hapo. Ukiuficha, siku utakapouhitaji utaukuta umechoka.

Mungu akupe moyo wa kuionyesha kazi yako ingali changa, na akuzungushie watu wanaokupenda kiasi cha kukuambia ukweli, kisha wakaamka na wewe alfajiri kurekebisha.