Joeli Hayumo Kwenye Ukoo

Mwanangu, bado sijakuzaa, tena sijui kama nitakuzaa. Hata kumsalimia mvulana naona aibu. Ila kuna siku moja ya likizo, kule Ndalambo, naikumbuka mno.

Mwalimu wa historia alikuwa ametufundisha jinsi wataalamu wanavyokadiria ukubwa wa makabila ya Waarabu mwanzoni mwa Uislamu. Sensa haikuwepo. Wanachukua vitabu vya nasaba, fulani bin fulani, wanahesabu wanaume wa kila kizazi, kisha wanakisia kabila zima. Akatuambia tujaribu kwa koo zetu.

Babu ndiye pekee anayeujua ukoo wetu kwa kichwa. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Mchumba, leo na kalamu? Unanipeleka polisi?"

Nikacheka. Akaanza: huyu akamzaa huyu, nami nachora matawi. Alipofika kwa baba, akawataja wadogo zangu wa kiume, akaishia hapo.

"Na Joeli, babu?"

Joeli ni kaka yangu mkubwa. Kifusi kilimfukia kwenye shimo la dhahabu huko Saza, hajaoa. Alikuwa akioga anapiga mluzi mpaka majirani wanalalamika.

"Hakuacha mtoto. Anatajwa aliyezaa."

"Lakini alikuwepo!"

"Alikuwepo." Mikono yake ikaacha mahindi. "Hata mdogo wangu alikuwepo, tukilala mkeka mmoja. Baba hakumtaja. Nilipouliza, nilichapwa, nikakoma kuuliza. Sasa, mchumba, hata jina lake limenitoka."

Shule ilipofunguliwa nilijikaza nikanyoosha mkono. Waliokufa bila watoto, kwenye vitabu vile, wako wapi?

"Wengi hawamo," mwalimu akasema. "Wanawake pia. Ndiyo maana tunaita makadirio."

Nikakaa. Kumbe kila kabila lina akina Joeli wake.

Sasa babu akianza ukoo anapotea njiani, na wadogo zangu wanajifunza hivyohivyo, bila Joeli. Nilimwomba baba amwingize. Alitoka nje, hakurudi mpaka chakula kikapoa.

Basi, mwanangu, ukisomewa majina ya watu wa kale, usidhani ndio wote. Uliza nani alikufa kijana, nani alikuwa binti. Na uliza mapema, wakati aliyelala naye mkeka mmoja bado analikumbuka jina, hata kama utachapwa. Zaidi ya hapo sina la kukusaidia.

Mungu akujalie mtu wa kukutaja, hata usipozaa. Na kama hutazaliwa, basi mimi nitakuwa huko aliko Joeli, kwa wasiotajwa, na mluzi wake.