Mbao za Chini ya Kitanda cha Mkwe

Katika miaka sita ya ndoa, Thadeus Mwakima alikuwa ameuona mgongo wa mama mkwe wake mara nyingi kuliko uso. Hawakuwa na ugomvi wowote. Ni nthoni tu, ile heshima ya Wakamba inayomkataza mama kukaa chumba kimoja na mume wa binti yake, au hata kutazamana naye wakikutana njiani. Wakamba wengi wa Voi siku hizi wameiweka kando. Harusini utawaona wamekumbatiana na wakwe zao wakipiga selfi. Lakini si Mutindi, mama mzazi wa Mumbe, mkewe Thadeus. Mutindi aliokoka, akaacha ugoro, akaacha pombe ya muratina, akaacha hata kusengenya siku za Jumapili, ila nthoni ilimshinda kuacha. Thadeus akiingia lango la mbele kule kwake Mraru, mama wa watu ameshatokea mlango wa nyuma, leso kichwani, mwendo wa mtu aliyesikia nyuki.

Thadeus alitoka Wundanyi, kwa Wataita wanaomkaribisha mkwe na kumlisha mpaka ashindwe kuinuka. Mwanzoni alidhani ananuka. Baadaye alizoea, akaona hata faida zake. Mafundi wenzake pale mtaa wa Sofia walishinda wakilalamika kwamba mama mkwe ameingilia ndoa. Wake hakuweza kuingilia hata sebule.

Kazi yake ilikuwa useremala: milango, vitanda, na majeneza msimu ukiwa mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, wa kugonga mbao. Mkono wake haukupita mlango bila kuugonga na kusikiliza unajibu nini. Kanisani aligonga benchi wakati wa sala, mpaka Mumbe akaanza kumkalisha pembeni kama mtoto. Hata hivyo, hakuwa mtu wa kuhurumia kila kitu kikuukuu. Mimbari ya kanisa lao aliikagua kwa kisu, akamwambia mchungaji mbele ya wazee kwamba hiyo ni kuni, na kwamba inasimama kwa maombi tu. Thadeus akisema ubao umekufa, watu walizika. Akisema uko hai, waliuacha.

Ndiyo maana shemeji yake Ndulu hakumwuliza kitu, asije akajibiwa asilotaka. Ndulu, kaka mkubwa wa Mumbe, alikuwa mtu wa ofisi Mombasa. Alinunua vigae vyeupe, akavirundika kwenye veranda ya mama yake, kisha akampigia Thadeus simu.

"Shem, Jumamosi njoo na vyuma vyako tung'oe ile sakafu ya sebule. Fundi wa vigae anaingia Jumatatu."

"Inaumwa nini?"

"Inaumwa? Ile imekufa kitambo! Nyeusi kama makaa, na kule kwa kona ukikanyaga inashuka. Mimi sitaki nipigiwe simu kwamba mama amevunjika mguu."

Hapo Ndulu hakuwa na kosa. Mtoto gani anataka simu kama hiyo? Ila sakafu yenyewe haikuwa sakafu tu. Iliwekwa na baba yao, Kituku, aliyekuwa seremala wa reli. Nyumba moja kubwa ya zamani ilipobomolewa, alizibeba mbao zake za mvule, akajenga nyumba yake ikiwa imeinuliwa juu ya boriti, na matundu ya hewa chini, kama alivyoona wakubwa wake wakijengewa. Kituku alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Na Mumbe alimwambia mumewe jambo ambalo Ndulu hakulijua: tangu vigae vifike, mama haelewani na kitanda. Anatandika mkeka sebuleni, analala juu ya mbao.

"Amesema hataki vigae?" Thadeus aliuliza.

"Hajasema kitu. Anasema Ndulu ni mtoto mzuri."

Jumamosi walifika. Safari hii Mutindi hakutoka nje. Aliingia chumbani kwake, kilichopakana na sebule, akafunga mlango. Mumbe, mwenye mimba ya miezi minane, akapewa kiti katikati ya sebule, na kazi ya kubeba maneno. Mutindi hakuwahi kumsemesha mkwewe moja kwa moja, wala kumtaja jina. Kwake alikuwa Baba Shanice, kwa heshima ya mjukuu.

Ndulu alikuwa ameshakunja mikono ya shati na kushika mtaimbo. Thadeus akapiga magoti, akagonga. Akasogea, akagonga tena. Kisha akatoa kipande cha kioo mfukoni, akaanza kukwangua palepale alipopiga magoti. Kilichotoka kilikuwa laini na chekundu, kimejikunja kama maganda ya penseli. Akanusa.

"Hii si mbao," alisema. "Hii ni polishi."

Polishi nyekundu, ile ya sakafu za saruji! Majirani wote walikuwa na saruji nyekundu inayong'aa, naye Mutindi hakutaka kuachwa nyuma. Kila Jumamosi alipiga magoti na kitambaa cha blanketi, akapaka mvule polishi ya saruji, miaka nenda miaka rudi. Vumbi la Mraru likaganda juu yake, polishi nyingine ikaja juu ya vumbi. Thadeus alikwangua mpaka kioo kikalia sauti nyingine, na katikati ya ule weusi kukatokea kipande cha rangi ya asali, ukubwa wa kiganja.

"Shem, hicho ni kipande kimoja," Ndulu alisema, ingawa mtaimbo ulikuwa umeshuka kidogo. "Na kule kwa kona?"

Kona ilikuwa habari nyingine. Pipa la maji lilikuwa limekaa pale tangu enzi, likitoa jasho. Thadeus alichomeka bisibisi, ikaingia kama kwenye parachichi.

"Si nilisema?" Ndulu akachangamka.

"Ulisema sakafu. Hizi ni mbao tatu. Wewe ukioza meno matatu tung'oe taya?"

Mumbe alicheka mpaka akashika tumbo. Chumbani nako kitu kilikohoa, kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Lakini Thadeus mwenyewe hakuwa anacheka ndani. Ubao mgumu usiooza ni nusu ya jibu tu. Mbao hizi ziliungana kwa ulimi, kila moja ikiingiza ulimi wake ubavuni mwa mwenzake, na uhai wa sakafu ni ule unene ulio juu ya ulimi. Ukiwa mwingi, unapiga msasa na sakafu inarudi ujana. Ukiwa umeshaliwa na msasa wa watu wa kwanza, kule kwenye nyumba ya zamani, mashine itafika kwenye ulimi, kingo zipasuke, na yeye, mkwe kutoka milimani, awe ndiye aliyemaliza kazi ya marehemu kwa mikono yake. Kwa juu haikuonekana. Zile tatu za kona zilikuwa uji mpaka ubavuni, hazingeweza kumwambia chochote. Tena zilihitaji za kuziba nafasi yao, na mvule wa dukani ni mbichi na mwembamba. Ungejikunja kabla ya Krismasi.

Alieleza haya yote kwa sauti ya kawaida, akimtazama Ndulu. Jibu likatoka ukutani.

"Mumbe!"

"Ee, mwaitu," Mumbe akamwitikia mama yake kwa Kikamba.

"Mwambie Baba Shanice, mbao hizo hizo ziko chini ya kitanda changu. Baba yenu aliziweka siku moja na hizo."

Mkwe kuingia chumba cha kulala cha mama mkwe, na kulala chali chini ya kitanda chake! Hata Ndulu, mtu wa ofisi, alikaa chini.

"Usinitazame mimi," alimwambia Thadeus. "Mwanaume mzima siingii chumba cha mama yangu. Mumbe naye akiinama, atazalia hapa."

Wakatazamana. Kisha sauti ile ile ikasema, bila haraka:

"Mumbe. Mwambie kaka yako anipitishie hicho chuma mlangoni."

Mlango ukafunguka upana wa kiganja, mtaimbo ukamezwa. Wakasikia kitanda kikivutwa.

"Mwambie mama aanze na ule ubao wa ukutani," Thadeus alisema. "Aingize ncha taratibu, abonyeze, asipige kwa hasira."

"Mwaitu, anasema usipige kwa hasira."

"Mwambie sina hasira. Nina nguvu."

"Anasema ana..."

"Nimesikia."

"Mwaitu, amesikia. Jamani, mnasikiana! Mimi ni mjamzito, si simu."

"Wewe beba maneno," ukuta ukajibu, na msumari ukalia kriii kama paka aliyekanyagwa mkia.

Ilichukua muda. Mutindi aliguna, aliomba Mungu kwa Kikamba, akamwambia marehemu mume wake kwamba misumari yake ni kiburi kitupu. Kisha kukawa na mlio mzito wa ubao ulioachilia.

"Mwambie Baba Shanice, juu ya ulimi pana unene wa kidole changu cha mwisho."

Thadeus akatazama kidole chake mwenyewe. "Kidole cha mama kikoje?"

"Weh!" Mumbe akagonganisha viganja. "Hilo siwezi kulibeba!"

Ndulu alicheka mpaka akatoa machozi. Mlango ukafunguka tena na ubao ukasukumwa nje. Thadeus aliupokea kama mtu anayepokea mtoto, akaugeuza ubavu kwenye mwanga wa dirisha. Unene wote ulikuwepo. Hata kule kwenye nyumba ya kwanza haukuwahi kupigwa msasa. Na misumari ya Kituku haikupita juu. Aliipigilia kwa kuilaza kwenye ulimi, ikafichika. Hakuna kichwa hata kimoja ambacho mashine ingekutana nacho.

"Iko hai," Thadeus alisema.

Ndulu aliutazama ubao, akautazama mlango wa chumba. "Na ukikosea, shem?"

"Nikikosea, vigae viko pale veranda. Nitang'oa mwenyewe, na wewe utasimulia harusi zote mpaka niwe mzee."

"Harusi na matanga," Ndulu alisema. Kisha akatoa simu, akamwambia fundi wa vigae asubiri kwanza.

Mutindi alitoa mbao tatu. Thadeus alizipachika konani, akakaza boriti iliyolegea chini yake, pipa likahamia nje. Kabla ya mashine alilainisha polishi kwa parafini na kuikwangua, kwa maana msasa ukikutana na nta unazibika na kunuka tu. Ndulu, aliyesema ataangalia kidogo kisha arudi Mombasa, alikutwa amevua viatu, anakwangua, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Halafu mashine ikapita, msasa mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi. Kila ilipopita sebule iliongezeka mwanga, kama kwamba dirisha linapanuka. Doa moja jeusi karibu na kona lilikataa kutoka. Thadeus aliliacha, kulifukuza kungekula unene bure.

Siku ya vanishi ya mwisho Ndulu alikuwa amesharudi kazini, na Mumbe amelala kwa jirani, miguu juu. Thadeus alipaka akirudi nyuma, kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa jikoni, akamalizia akiwa amepiga magoti nje ya kizingiti. Alikuwa anafuta brashi mlango wa mbele ulipofunguliwa.

Huko nje Mutindi alikuwa amesikia kimya, akadhani fundi ameenda. Alisimama nje ya kizingiti cha mbele. Mkono ukapanda na leso kufunika uso, ukaishia njiani. Macho yalikuwa yameshashuka kwenye sakafu.

Alitazama muda mrefu. Thadeus akaanza kuinuka aondoke kwa adabu.

"Usiondoke," Mutindi alisema. Hapakuwa na Mumbe wa kulibeba hilo. "Haijakauka?"

"Bado, mama."

"Mtu hawezi kupita?"

"Hawezi. Ataacha alama."

Mutindi aliupima umbali ule, kutoka kizingiti mpaka kizingiti. "Basi mimi niko nje na wewe uko nje. Hakuna mtu chumbani."

Hata mahakama ya rufaa isingepata pa kumshika. Akakaa kwenye ngazi ya veranda, ubavu ukimwelekea Thadeus, macho kwenye mbao.

"Nilidhani nimeiua," alisema. "Na polishi yangu. Ndulu alipoleta vigae, ningesema nini? Mimi ndiye niliyeipaka."

"Polishi ndiyo iliyoilinda, mama. Maji na vumbi viliishia kwenye nta, havikufika kwa mbao. Kilichoua kona ni pipa."

"Pipa lilikuwa la Kituku," Mutindi alisema haraka. "Nilimwambia aliondoe."

"Basi si wewe."

"Si mimi." Alivuta pumzi, akaitoa taratibu, mabega yakashuka nayo. "Itakauka saa ngapi?"

"Kesho asubuhi."

Mutindi aliikunja leso, akaiweka magotini, na kwa mara ya kwanza akamtazama mkwewe usoni, kutoka ng'ambo ya mbao zote zile.

"Tuna wakati, basi," alisema. "Huko kwenu Wundanyi, mama yako anaitwa nani?"