Tezi Zilizonivimba na Mtoto Aliyechukuliwa

Zilianza upande wa kushoto wa shingo, vinundu kama maharagwe chini ya ngozi. Kisha homa ya kila jioni, na nguo zikanilegea. Kwa kliniki ya hapa mjini Salama jamaa wa zamu alinishika shingo tu, akasema ni TB. Hakupima kitu. Kabla hatujatoka nje, mume wangu alikuwa ameshampigia simu mama yake kijijini Tawa.

Mama mkwe akafika kesho yake. Binti yetu amebeba jina lake, ndiyo desturi yetu Wakamba kwa msichana wa kwanza. Huyo mama hamwiti mjukuu. Anamwita "mimi".

"Nimekuja kujichukua," akasema, akimfunga mgongoni. "Wewe pona kwanza."

"Mwaitu, bado ananyonya," nikamwambia, kwa heshima yote ya kumwita mama.

"Atakunywa uji. Uji uliwahi kuniua?"

Mume wangu akacheka. Mimi nikabaki nikikamua maziwa na kuyamwaga.

Hospitali kubwa nilienda peke yangu. Walinikata tezi moja ipelekwe maabara. Siku ya kutolewa nyuzi nikauliza majibu, daktari akanishangaa.

"Kwani mzee wako hakukuambia? Majibu yalitoka, simu yako haikuingia, tukampigia yeye."

Si TB. Si saratani. Ni ugonjwa nadra wa tezi, unapenda wanawake wa umri wangu, hauambukizi, na mara nyingi huisha wenyewe baada ya miezi. Dawa ni ya kutuliza homa na maumivu. Ila nisiache kliniki, kwa sababu unaweza kurudi, na viungo vikiniuma au uso ukitoka vipele nisikae nyumbani.

"Na kunyonyesha?"

"Nani alikukataza?"

Nilimpigia mume wangu nikiwa bado uani kwa hospitali. "Ulijua."

"Nilijua. Lakini Mama ameshamzoea mtoto. Ningemwambia nini?"

Yaani aliniacha nijihesabu maiti, ndiyo mama yake asinune!

Nilifika Tawa na bandeji shingoni. Mama mkwe alikuwa anapepeta ndengu. Mtoto aliponiona akajificha nyuma yake. Hapo ndipo niliumwa, si kwa kisu cha hospitali. Nikamchukua hivyo hivyo akilia.

"Unaenda na mimi wapi?" mama mkwe akapiga kelele.

"Wewe baki, Mwaitu. Huyu ni wangu."

Ziwa alilikataa, na maziwa yalikuwa yamekauka. Sasa tezi zimeshuka. Mume wangu huuliza nitanuna mpaka lini. Kule hospitali niliwaambia wafute namba yake, nikawapa ya dadangu.