Nyasi Zimepungua

Ipo siku moja ya kiangazi ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu Kabula. Tangu uniambie umeteuliwa kwenye kamati ya kurekebisha lile jopo la wanasayansi wa dunia wanaozishauri serikali juu ya mabadiliko ya tabianchi, naiona kila nikifumba macho.

Nilikuwa kijana, hapa hapa Kishapu. Wazee wa kijiji walikaa kuamua habari ya ngitili, yale malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wayakute kiangazi. Walikuwa wamemtuma baba yangu mdogo, Masanja, akayakague. Akarudi akasema waziwazi kwamba nyasi hazitatosha mpaka mvua, mifugo ihamishwe sasa, ingali na nguvu ya kutembea.

Basi wakaanza kumpunguzia maneno. Mwenye ng'ombe wengi hakutaka kusikia habari ya kuhama. Mwingine akaona hilo "sasa" litawatia watu hofu. Kila mmoja aliondoa neno asilolipenda, kwa upole kabisa, maana kikao chetu hakivunjiki mpaka wote waseme ndiyo. Mwishoni likabaki tangazo kwamba nyasi zimepungua na wazee wanaendelea kuangalia. Wakamtaka Masanja alitangaze yeye, kwa kuwa ndiye aliyekwenda.

Akasimama, mtu mkimya yule, akawaambia: "Wazee wangu, niliyoyaona nimeyasema. Haya ni yenu. Yatangazeni kwa midomo yenu."

Walimwona hana adabu. Tangazo likatoka, nasi tukakaa tukisubiri. Tulipokuja kuhama kwa njia ya Geita, ng'ombe walikuwa mifupa mitupu, wakawa wanalala njiani na hawaamki. Maziwa yakakatika, na mdogo wangu Nkwimba, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, tukamzika kabla mvua haijanyesha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jana umenieleza kwamba hata huko muhtasari wa wanasayansi hupitishwa mstari kwa mstari na wajumbe wa serikali mpaka wote waridhike, na kwamba wenzako wamekushauri usiliguse hilo kama unataka kuitwa tena. Niliinuka nikaenda kuwatazama ng'ombe wangu wachache. Mimi vikao vya suti na tai sivijui. Ninachojua ni kwamba mvua ya hapa haina tena mwezi wake, na sina hakika kama kuna kamati itakayotuwahi.

Lakini liguse, mwanangu. Pendekeza waliokwenda kuangalia waseme kwanza, na yatoke kama yalivyo. Wakubwa wakiwa na lao, waliandike pembeni na waweke majina yao. Na wanaochunga huku waulizwe kabla mambo hayajafungwa. Wakikukatalia, usiwasomee kwa mdomo wako maneno yasiyo yako.

Nenda, mama. Mungu akutangulie, akupe ulimi usiotetemeka, akurudishe salama kwangu. Na ukirudi usinipe habari kwamba mlikubaliana wote. Nitakuuliza mlisema nini.